Rambirambi za Shimoni: Kumuaga Mwalimu Kaingu

Mwalimu Kaingu Sanga anastaafu tarehe thelathini na moja Machi, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha Jiografia na kuinoa timu ya mpira wa vikapu ya shule yetu. Alikuja kijana kutoka Taru, suruali inampwaya, akakuta nguzo mbili tupu uwanjani. Akafunga vikapu vya ukindu vilivyotobolewa chini, na wavulana wakaanza kurusha.

Wasifu huu nimeuandika mara mbili. Wa kwanza ulikuwa mtamu, umejaa vikombe na safari. Aliusoma, akanirudishia, akasema: Mwalimu Sumaiya, tia na habari ya Shimoni, la sivyo usiniandike kabisa. Haya basi. Mficha uchi hazai, na mwenyewe ametaka.

Vikombe vipo, msidhani. Viwili vimo kabatini mwa mwalimu mkuu. Na firimbi yake nani asiyeijua? Aliipuliza hata darasani, na siku moja alimpulizia mkaguzi wa elimu aliyechelewa kuketi. Mkaguzi akaketi.

Lakini msimu huu, loo! Tulipigwa Ukunda, tukapigwa Lungalunga, tukapigwa hata hapa nyumbani na timu ambayo nusu yake ilicheza pekupeku. Hatukushinda hata mechi moja. Na kila tulipokwenda, washangiliaji wetu walikuwapo: wasichana wa kidato cha tatu wakiongozwa na Kadzo Mwero, na nyuma yao Bi Mwanasha, mpishi wetu, mwenye kigelegele kisichokatika. Walinunua leso za sare kama za harusini. Ramadhani ilipoingia, waliofunga waliimba na koo kavu. Tukifungwa, ndipo wanapozidisha.

Mwalimu Kaingu hakuweza kuvumilia. Kadiri walivyoimba, ndivyo alivyoinama. Mechi ikiisha, yeye huyo mbio ndani ya basi, anafunga dirisha. Alijiona hastahili kuimbiwa, na aliona haya kuwatazama wale watoto machoni.

Basi mechi ya mwisho, kule Shimoni, akawaambia washangiliaji kwamba imeahirishwa. Hakuna aliyemshuku. Mwalimu Kaingu na uongo, wapi na wapi? Bi Mwanasha akafungua leso kiunoni, akarudi kwenye sufuria zake. Timu ikaondoka kimya kimya.

Shimoni wakashangaa. Pwani hii mtu haendi ugenini bila watu wake. Wavulana walishuka bila mama wala dada, wamenyong'onyea, mwalimu wao macho chini. Akina mama wa pale wakanong'onezana, wakaafikiana: maskini, hawa wamefiwa. Nini kingine kingewanyamazisha wale wasichana wa leso, ambao sifa zao zilikuwa zimeshafika huko? Kwa heshima ya msiba wakazuia ngoma yao wenyewe. Wenyeji walifunga pointi baada ya pointi, na hapana aliyepiga hata kofi.

Ilipokwisha, mkubwa wao, Bi Zulekha, akamjia Mwalimu Kaingu na nusu gunia la mchele na kapu la ng'onda, samaki wa kukaushwa. Pole mwanangu, akamwambia, Mwenyezi Mungu awape subira. Naye, jamani, akapokea. Akaitikia kwamba tumeshapoa.

Mtu hupokeaje rambirambi za watu walio hai? Anasema alifungua kinywa aseme kweli, akaona wale akina mama wamejitanda na wamemtolea macho ya huruma, akaishia kushika kapu. Alipofika jikoni na mzigo wake, Bi Mwanasha alikuwa ameshapigiwa simu na wifi yake wa Shimoni, akitaka kujua marehemu ni nani. Bi Mwanasha aliutazama ule mchele, akauliza neno moja tu: kumbe tulikufa lini?

Wiki nzima shule ilikuwa baridi. Wasichana hawakuimba hata wakifagia. Sisi walimu tulikuwa tukilikwepa jiko, maana aibu ile haikuwa ya mtu mmoja. Msimu mzima, ni nani kati yetu aliyekwenda kushangilia? Hakuna. Tulikuwa tukiuliza matokeo asubuhi, tukicheka, tukinywa chai.

Mwalimu aliurudisha mchele Shimoni mwenyewe, akasema kweli mbele ya akina mama wote. Wakamcheka, kisha wakamkaripia, kisha wakakataa kuupokea, kwani kilichotolewa kwa msiba hakirudi. Wakamwagiza akawapikie wale aliowazika. Ndio pilau tunayoila leo tukimuaga.

Halafu akaenda jikoni, akavua kofia, akaomba radhi. Akasema alikuwa akiwaonea aibu wao, wasije wakaonekana wajinga kwa kuishangilia timu kama ile. Kadzo akamwamkia kwanza, shikamoo Mwalimu, kisha akamjibu kwa adabu kwamba wao pia wanajua kusoma ubao wa pointi. Walikuwa wakiwaimbia ndugu zao. Hawakuona aibu msimu mzima, ila siku waliposikia wameombolezewa. Mwalimu alilia pale pale, mbele ya vyungu, na Bi Mwanasha akamsamehe. Wasichana nao wakasema watamsamehe kwa sharti moja: leo watamwimbia, naye atakaa kiti cha mbele mpaka mwisho.

Anaogopa. Asubuhi hii ameniuliza kama wimbo ni mrefu. Ni mrefu.

Mwalimu Kaingu, ahsante kwa vikapu vya ukindu, kwa firimbi, na kwa kutaka ukweli wako uandikwe wakati wengine wetu tumeukalia wetu. Tunakuombea afya, mbuzi wanono huko Taru, na umri wa heri pamoja na jamaa zako. Hatujashinda kitu, na wasichana wameshasimama. Keti, inua uso, uimbiwe.