Rimu za Taratibu

Benchi la mbele ya kibanda cha kuziba pancha liliinamia upande mmoja, upande wa Profesa, ambaye shule aliiacha darasa la tano lakini ubishi hajauacha mpaka leo. Upande wa pili alikaa Injinia, mziba pancha, mwenye kibanda na mwenye birika la kahawa. Katikati alibanwa Taratibu, dereva wa bodaboda, roho mkononi. Pikipiki yake ilikuwa mbele yao juu ya mawe, haina hata gurudumu moja. Mpiga rangi alishazichukua rimu, akazipiga msasa, akaacha vifuniko vitatu vya makopo, chekundu, cha buluu na cha njano. “Nikimaliza kula nikute umechagua,” alisema.

Na jambo lenyewe halikuwa mchezo. Juzi mama yake Taratibu, mwenye mtoto wa jicho, alitoka kliniki akakuta pikipiki kumi na mbili nyeusi zimejipanga langoni. Akapanda ya mtu mwingine. Alishushwa mtaa asioujua, akakaa kwenye ngazi za duka la watu akilia mpaka mwanawe alipompata. Tangu hapo ameapa, kliniki hakanyagi tena. Na dawa zake za sukari zinaisha Ijumaa.

— Nyekundu, Profesa alitangaza. Rimu nyekundu, hata lami inajinyoosha yenyewe.

— Lami ijinyooshe, ni shati? Injinia alidakia. Paka buluu! Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Maji yanaingiaje kwenye rimu?

— Maji rangi gani?

— Hayana rangi.

— Ndiyo hasara ya kuacha shule hiyo.

— Haya, basi sikia. Buluu inavuta mvua. Namjua mtu alipaka buluu, mwaka mzima hakuanika nguo ikakauka.

— Na nyekundu inavuta ng'ombe!

— Hapa mjini umeona ng'ombe wangapi?

— Utawaonaje? Wote wako nyuma ya waliopaka nyekundu!

Taratibu alicheka bila kupenda, kisha akakumbuka Ijumaa.

— Jamani, mimi nataka mama anitambue tu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Profesa alimjibu. Na guu la pikipiki ni nini? Rimu. Nyekundu hiyo, baba, usitusumbue.

Hapo akavuka barabara fundi cherehani, furushi la sare kwapani, anatafuta usafiri. Aliitazama pikipiki isiyo na miguu, akawatazama wao. Wakamweleza yote, wote kwa pamoja.

— Kwani huyo mama, aliuliza, anaona rangi gani?

Injinia akapuliza kikombe kilichokwisha kahawa zamani. Taratibu alijisikia aibu mpaka masikioni, maana mtaa mzima ameshauuliza, kasoro mwenye macho. Akavikusanya vile vifuniko, akainuka.

— Panda pikipiki bwana, utachelewa! Profesa alimhimiza.

Wote wakageuka kuyatazama yale mawe. Taratibu alikuwa ameshakata kona, anakimbia kwa miguu yake, kwa mara ya kwanza jina likimpwaya.

Mama alikuwa kizingitini anachambua mchele kwa vidole. Taratibu akasimama mbali, hatua ishirini hivi, akainua kifuniko chekundu.

— Mama, hiki unakionaje?

— Naona giza, mwanangu.

Akainua cha buluu.

— Giza lile lile.

Mwisho akainua cha njano. Mama akaacha mchele, akanyanyua uso.

— Eh! Hicho nakiona.

— Rangi gani, mama?

— Rangi sijui, alisema, na kwa mara ya kwanza tangu juzi akatabasamu. Lakini nikikiona langoni, nitajua ni wewe. Ijumaa uje mapema, usije ukanichelewesha.