Kopo Namba Kumi na Saba: Bi. Eliakunda Zebedayo Anaiaga Maabara

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Bi. Eliakunda Zebedayo, msaidizi wa maabara wa sekondari yetu hapa Same, anakabidhi funguo na kustaafu. Sisi sote tulimkuta hapa.

Aliteremka kutoka Chome, kule milimani, mwaka 1971, akalizoea jua letu kwa kulalamika. Miaka ya themanini, hata sabuni ilipoadimika, maabara iliendelea kwa chumvi ya jikoni, spiriti ya kuomba zahanati na ukali wake. Mwalimu aliyerudisha chombo kichafu alikiosha mwenyewe mbele ya wanafunzi. Mwandishi wa wasifu huu, mwalimu wa fizikia, ameosha mara tatu.

Baadaye maduka yakajaa bidhaa, na ajira zikaanza kupunguzwa. Mwaka 1994 ikasemwa kwamba maabara isiyo na vifaa haihitaji msaidizi. Mkaguzi angekuja kuamua. Bi. Eliakunda, mjane mwenye watoto wanne shuleni, alisikia, akaomba akusanyiwe makopo matupu arobaini.

Wiki hiyo nilikuwa nafundisha habari za darubini iliyopelekwa juu ya hewa, kwa kuwa hewa hutuzuilia sehemu ya mwanga wa nyota. Nusu ya kwanza niliiweza: mwanga hupenya kwenye mwanya mwembamba, hutawanywa rangi rangi, na kila elementi hujitambulisha kwa mistari yake. Bi. Eliakunda alinitengenezea mwanya kwa nyembe mbili, akachoma chumvi kwenye mwali wa spiriti, na kupitia mche wetu wa kioo uliomeguka pembe tukauona mstari wa njano wa sodiamu. Lakini namna kifaa kinavyouhesabu mwanga huo ilinishinda kueleza.

Yeye akasema huo ni msaragambo tu, kazi ya pamoja, kama watu wanavyopokezana ndoo wakati wa kusafisha ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Mbele ya mkaguzi alipanga wanafunzi mistari mitano ya wanane wanane, kila mmoja na kopo lenye namba. Akanyunyizia maji kwa debe lenye matundu, mengi pale ambapo mwanga ungekuwa mkali. Kisha makopo yakapokezwa mstari kwa mstari hadi mbele, na kutoka hapo moja moja hadi kwake, akapima na kuandika.

Kopo namba kumi na saba, la pembeni kabisa, ambako halikuanguka tone, likafika na maji. Mtoto wa Same hamwagi maji: mwenye kopo alikuwa amebakiza ya kunywa. Mkaguzi akacheka, akafunga daftari. Nilidhani kazi ya mama wa watu imekwisha, na niliumia.

Kumbe gazeti la sayansi nililotolea somo hilo alikuwa amelisoma vizuri kuliko mimi. Akaeleza kwamba hata kifaa cha darubini, kikipata joto, hujiwekea hesabu isiyotoka kwa nyota yoyote. Ndiyo maana hupozwa sana, hupimwa kwanza gizani, na hesabu hiyo hutolewa. Akarudia zoezi, akipima makopo kabla ya kunyunyizia, akatoa, na hesabu ikakaa sawa. Mkaguzi akafungua daftari, akamwomba aeleze tena, polepole. Ajira ikabaki, na watoto wote wanne wakamaliza shule.

Ijumaa iliyopita alitukabidhi makopo thelathini na tisa, makavu, yamefunikwa kifudifudi. La kumi na saba tulishaliiba. Ndiyo zawadi yako leo, Mama.

Asante kwa kila kitu. Nenda Chome kwenye maji mengi, na katika kopo hili unywee yako. Maisha yako yawe mema na marefu.