Kastabini Kwenye Upindo

Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu ukutani, kati ya duka la Fundi cherehani na banda la Spana, mtengeneza baiskeli. Shangazi wa Birika ndiye mmiminaji wa kahawa, na Nishaona, mstaafu asiye na shughuli, huwa ameshaona kila kitu kabla hujamaliza kusimulia. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa haishi kukaa na kusimama. Jumamosi kuna shindano la mazingaombwe ukumbini, na sharti ni moja: kila mtu aje na mchezo aliouzua mwenyewe. Mwaka jana alipanda jukwaani na kamba yake, akiapa mchezo ni mpya, na jaji mmoja mzee, aliyeujua tangu zamani, akaumalizia palepale kitini, wakwe wakiwa mstari wa mbele. Tangu siku hiyo mama mkwe humwita Kiraka. Mwaka huu, thubutu! Alitaka kuhakikisha kwanza.

— Sikilizeni. Kastabini yangu hii ninayovaa kidoleni nisichomwe na sindano, naifunika kwa kikombe. Nikifunua, haipo! Nachukua mkasi, nakata upindo wa koti la mtazamaji, naitoa humo, imeshonewa kabisa. Nani ameshauona?

— Mimi, alisema Nishaona.

— Wapi?

— Mahali fulani. Ila mwenzako alitumia ng'ombe.

— Ng'ombe chini ya kikombe?

— Kikombe kilikuwa kikubwa.

Spana alipaliwa na kahawa, akapigwa mgongoni mpaka akatulia.

— Fundi, usibabaike. Asiyekuwepo na lake halipo. Tuliopo ni sisi, na sisi hatukuuzua. Basi ni wako!

— Na walioko miji mingine?

— Unawaona hapa?

— Vidole ni kumi tangu dunia iumbwe, alisema Shangazi. Unadhani kuna kitu havijafanya?

— Basi waandikie wanamazingaombwe wote duniani, alisema Spana. Waeleze mchezo mwanzo mwisho, halafu uwaulize kama wanaujua.

— Si watakuwa wameshaujua!

— Ndiyo, watajibu wote kwa sauti moja. Penye wengi hapaharibiki neno.

Nishaona akainua kidole.

— Hakuna anayezua wazo. Mawazo huruka usiku juu ya mapaa, yakitafuta bati lililotoboka. Bati lako limetoboka lini?

— Mwezi uliopita, ile mvua ya mawe.

— Umechelewa. Langu lina matundu tangu nioe.

— Mbona hujazua kitu?

— Yanaingia tundu hili, yanatokea lile.

Fundi alicheka mbavu zikamuuma, ila siri hakuitoa. Siri ilikuwa hii: mteja akileta nguo, Fundi humshonea kastabini ya pili upindoni, akanyamaza. Nusu ya mtaa ilikuwa inatembea na kastabini zake. Nishaona mwenyewe, bingwa wa kuona, alikuwa na moja kwenye suruali aliyoivaa.

Ndipo akaja dada mmoja mgeni, mfuko mkononi.

— Hodi jamani. Fundi ni nani?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Spana.

Dada akatoa koti jeusi la kizamani.

— La marehemu babu. Kaka anataka kuolea hili, lipunguzwe mikono. Lakini hapa chini kuna kitu kigumu. Babu alikuwa akisema ni bahati yake, hakutaka lifumuliwe. Ni nini hiki?

— Risasi, alisema Spana.

— Jino, alisema Shangazi.

Nishaona, kwa mara ya kwanza, hakuwa amekiona.

Fundi akapapasa upindo, akapapasa tena. Umbo lile analijua hata usingizini. Mishono ilikuwa midogo, myororo, ya mkono hodari kuliko wake. Kumbe kuna mwenzake aliyeshonea kastabini humo zamani, akanyamaza, akamngoja mteja akae mbele yake na kikombe, na siku yenyewe haikufika. Angesema tu ni kifungo, Jumamosi ingebaki yake. Iliuma, lakini kicheko kilikuwa kinampanda kwa chini, akashindwa kukizuia.

— Dada, nishikie hiki kikombe.

Akafunika kastabini yake. Akapuliza. Akafunua: haipo! Akachukua mkasi, akakata uzi wa upindo, na kutoka kwenye koti la babu ikadondoka kastabini iliyoliwa na kutu.

— Imezeekea njiani! alipiga kelele Nishaona.

Spana aliruka, birika likapinduka, kahawa yote ikaenda mtaroni wala hakuna aliyejali.

— Fundi, huo ni mpya! Jumamosi ni yako!

— Jumamosi nitaufanya, alisema Fundi akifuta machozi ya kicheko, na nitatangaza kwamba si wangu. Ni wa fundi aliyeshona koti hili. Wakinitoa, wanitoe. Mama mkwe aniite Kiraka mpaka achoke.

— Fundi yupi? aliuliza dada. Alikuwa anaitwa nani?

Nishaona akainama, akaanza kupapasa upindo wa suruali yake. Spana ndiye aliyejaribu kujibu, tena kwa sauti ndogo:

— Ndiyo hivyo. Asiyekuwepo na lake...

— Ishia hapohapo, alisema Shangazi, akaiokota ile kastabini yenye kutu na kuipangusa kwa kanga yake. Lake hili hapa.