Majivu Niliyoipa Mibuni

Mbukwenyi, wapendwa! Kaeni tu, sina maneno mengi. Nikilia msinipigie makofi, niacheni nimalize.

Mume wangu alifanya kazi miaka mingi kule Bukoba. Aliporudi kwao hapa Mvumi alikuja na miche ya kahawa, robusta, ile inayovumilia joto na kuzaa sana. Watu wakacheka: "Kahawa Ugogoni?" Akaipanda bondeni karibu na kisima, akasema udongo wa pale una uchachu na ndio inaoutaka. Miche ikashika. Kabla haijazaa, mwenyewe akafa.

Ndugu zangu, nawaambia, niliishika ile mibuni kama ndiyo mume wangu. Matanga hayajapoa, shemeji mkubwa akaja. "Shemeji, msimu ujao isipozaa tunang'oa, tunapanda zabibu. Na wewe utarudi kwenu." Kwetu wapi, jamani? Wazazi walishakufa, nyumba ilishaanguka.

Basi nikafanya kama mama alivyonifundisha kwenye mboga. Kila asubuhi nazoa majivu jikoni, namwaga mashinani. Majani yakaanza kuwa ya njano. Nikaongeza majivu. Yakazidi. Nikaenda hadi kwa majirani kuomba majivu! Miti ikakauka mmoja mmoja, nami nikakonda nayo. Nilifika mahali nikamwambia Mungu, nichukue na mimi. Nasema kweli mbele yenu.

Nanyi mlikuja, siwalaumu. "Jikaze, mama." "Kazi ya Mungu haina makosa." Mkanywa chai, mkaondoka.

Yupo dada mmoja, amekaa humu ndani, mzaliwa wa huko huko Bukoba, ameolewa kwetu. Yeye hakuniambia nijikaze. Alinikuta bondeni, akakaa chini, akauliza, "Dada, unakula nini? Na hii mibuni unailisha nini?"

La kwanza sikulijibu. Nikamwonyesha ndoo yangu ya majivu. Akashika kichwa. "Mama yangu! Majivu yanaondoa uchachu wa udongo. Unaiua mwenyewe, dada yangu!"

Nililia kuliko siku ya mazishi.

Tukakwangua yale majivu, tukaweka samadi iliyooza, tukatandaza majani makavu. Kila alipokuja alibeba ugali wa uwele na mlenda. Tunakula kwanza, ndipo tunashika jembe. Mibuni mingi ilikufa, sitawadanganya. Michache iliyobaki ikarudisha ukijani, ikachanua, ikazaa. Shemeji alikuja, akashika tawi lenye matunda mekundu, akaliachia, akaenda zake. Bado ninalima pale. Aliyeipanda hakuionja, na hilo halijaacha kuniuma.

Dada, asante. Wewe na Mungu mnajua mlikonitoa. Na ninyi wengine nawaomba jambo moja: mkimwendea aliyefiwa, msimmwagie tu kile mlichozoea kumwaga. Kaeni chini, mumuulize anakula nini.