Kumuaga Mama Kikombe wa Dirisha la Nne

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Muuguzi Mkuu, madaktari na wauguzi mliotuchoma sindano na bado tunawapenda, viongozi wa dini mliotuombea, wagonjwa wenzangu, na wewe tunayekuaga leo, Mfamasia wa dirisha la nne, ambaye tangu nisimame unaniangalia mpaka najihisi nimesahau kuleta kitu: nawasalimu nyote kwa jina la Mungu aliyetufikisha hapa tukiwa bado tunapumua.

Nimechaguliwa kusema kwa niaba ya wagonjwa wa saratani ya damu. Msidhani ni kwa elimu. Niliishia darasa la saba, na haya nayasoma kutoka kwenye daftari la kikundi chetu cha maombi, ukurasa unaofuata orodha ya wachelewaji. Wenzangu walinichagua kwa sababu nina mdomo.

Mheshimiwa Mganga Mkuu, umetuambia hapa kwamba Mfamasia wetu ni mtu wa tabasamu. Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine anayeagwa. Miaka mitatu nimesimama mbele ya dirisha lile. Naujua ufa wa kioo uliozibwa kwa plasta ya kidonda, naijua kalamu iliyofungwa kamba tusije tukaondoka nayo, lakini meno ya huyu mama nimeyaona leo kwa mara ya kwanza, alipokuwa akila keki.

Nilipogundulika nina saratani ya damu, ile inayokaa ndani ya uboho wa mifupa, nilikuwa na miaka arobaini na sita. Daktari aliniandikia kapsuli, moja kila siku kwa siku ishirini na moja, kisha napumzika siku saba. Akanieleza kwamba dawa hii hupambana na ugonjwa, na tena huichokoza kinga ya mwili iamke ifanye kazi yake. Nikashukuru, maana kinga yangu ilikuwa imelala kama mwanakwaya wakati wa mahubiri. Nikaenda dirishani nikidhani nitapewa dawa. Nikapewa kikombe.

"Nenda msalani, uniletee mkojo kidogo tupime mimba."

"Mimba? Dada, mimi ni mjane. Mume wangu amezikwa mwaka wa nne huu."

"Pole sana. Choo kiko kushoto."

Ndugu zangu, nimepima mimba mara thelathini na tisa tangu siku ile. Nani kati yenu amewahi kuchunguzwa uaminifu wake kwa marehemu kwa kiwango hicho? Kila mara majibu yakitoka alinitangazia kwa sauti ya hakimu, "Huna," foleni nzima ikasikia, na mimi nikajikuta nasema asante. Halafu maswali, yale yale, kwa mpangilio ule ule. Umempa mtu dawa yako? Umefungua kapsuli? Nyumbani kuna mjamzito anayeishika? Umechangia damu? Mguu umevimba? Kifua kinabana? Weka sahihi.

Nikasema moyoni, Mungu nisamehe, huyu mwanamke hata mbinguni atamuuliza malaika kama ameosha mikono.

Na msidhani wanaume walipona. Mzee wetu tarishi mstaafu yule pale, ana miaka sabini na moja. Kila mwezi aliulizwa, kwa sauti ile ile, "Unatumia kondomu?" kwa sababu dawa hii hupita mpaka kwenye mbegu za mwanamume. Siku ya kwanza mzee alivua kofia akajibu, "Binti yangu, umenipa heshima nisiyostahili." Mfamasia hakucheka. Akasema, "Hilo si jibu. Ndiyo au hapana?"

Basi tukampa jina, Mama Kikombe. Ulikuwa hulijui? Sasa umelijua, na umeshastaafu, huna la kutufanya.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijalisema hadharani, hata kwenye maombi, ambako huwa tunasema mengi kuliko inavyotakiwa.

Nina rafiki, msusi wa nywele, mdogo wangu kwa umri. Ameketi pale mbele. Tunaugua ugonjwa mmoja, tulikuwa tukimeza dawa moja, benchi moja, chupa moja ya maji. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minane, na ndoa ya miaka tisa bila mtoto. Mumewe ni dereva wa lori, nyumbani hupita kama mgeni. Ikatokea chembe za damu za mdogo wangu zikashuka, daktari akamsimamishia dawa miezi miwili. Na yeye, kinga ya mimba aliyoambiwa aendelee nayo, akaiacha pamoja na dawa. Aliniambia kwamba aliona ni sawa na kufunga kufuli kwenye nyumba isiyo na kitu.

Miezi miwili ikaisha, daktari akamwandikia aanze tena. Alipofika dirishani akasogezewa kikombe. Akakataa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nilisikia.

"Leo sipimi. Nipe dawa yangu."

"Bila kipimo hakuna dawa."

"Nakuuliza wewe, umeshaniambia 'huna' mara ngapi? Mimi nilianza kuambiwa hivyo kabla sijakujua!"

Akaondoka analia. Mimi nilichukua dawa yangu nikamwangalia Mfamasia kwa jicho baya sana. Nikamwambia, "Huna utu." Yeye akasema, "Mguu wako umevimba?"

Sasa, mimi ni mtu wa kanisa. Tumefundishwa kugawana. Mwenzako hana unga, unampimia wa kwako. Mimi nilifikiri nini? Nilifikiri nitende mema. Nikamwita mdogo wangu nyumbani alasiri ile ile, nikahesabu kapsuli kumi, nikazifunga kwenye leso yangu safi, nikamwambia, "Mungu ametupa ishirini na moja. Kumi zako, kumi na moja zangu." Tukaiombea ile leso. Ndiyo, tuliiombea! Nikaenda kumletea maji ya kumezea.

Glasi iko mkononi, nasikia hodi.

Nachungulia, Mama Kikombe. Amekuja kwa miguu, viatu vumbi tupu, mkoba umebanwa kwapani. Mimi, mwenyekiti wa kikundi cha maombi, nilifanya nini? Niliikalia leso.

"Karibu, dada. Karibu sana. Unapita tu?"

"Sipiti. Nimewaona mnavyogawana maji benchini. Umekalia nini?"

"Nimekalia kochi."

"Inuka."

Ndugu wageni, mizani ya hospitali hii inaujua uzito wangu, sina haja ya kuutaja. Nilipoinuka kapsuli mbili zilikuwa zimepasuka, unga umetapakaa kwenye leso na kwenye sketi yangu ya ibada. Mdogo wangu akainama kunisaidia kuokota. Mfamasia alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima: "Wewe usiguse!"

Akamsukuma mpaka ukutani. Akavaa glavu kutoka kwenye mkoba wake, akapangusa lile kochi kwa kitambaa cha maji, akafunga kila kitu kwenye mfuko wa plastiki, hata leso, akanituma nikabadilishe nguo na kunawa. Nilipotoka alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, anahema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona akiwa hana dirisha mbele yake.

Akatueleza, taratibu. Kwamba kuna dawa ya ukoo huu huu ambayo zamani, katika nchi nyingi, wajawazito walipewa kutuliza kichefuchefu, na watoto wakazaliwa bila mikono, bila miguu, na wengine hawakufika hata kuzaliwa. Kwamba wale akina mama hawakuwa wakaidi, walipewa kwa nia njema kabisa. Halafu akanigeukia mimi: "Kama wewe leo. Na wewe mwenyewe ungebaki na nusu ya matibabu."

Kisha akatoa kikombe. Hakukitoa kama dirishani. Alikishika kwa mikono miwili, akamwambia mdogo wangu, "Najua kinavyokuumiza. Nisamehe kwa sauti yangu. Leo nitasoma majibu kimya, nikuonyeshe mwenyewe."

Tukangoja. Hakuna aliyeomba, tulisahau. Mfamasia akakitazama kipimo, akavua miwani, akaifuta, akakitazama tena. Akakisogeza.

Mistari miwili.

Yule dereva wa lori alikuwa amepita nyumbani siku mbili tu! Mdogo wangu alikuwa na kichefuchefu wiki nzima, akidhani ni ugonjwa. Sikumbuki nani alianza kulia. Nakumbuka nani alinyamaza wa kwanza na kusema, "Haya, twendeni kwa daktari, bado hawajafunga."

Madaktari mkambadilishia matibabu, mkamshika mpaka akajifungua, kisha akarudi kwenye dawa yake, na kwenye kikombe. Haikuwa rahisi, na wapo humu wanaojua tulivyoogopa. Mimi nilipewa barua ya onyo, ninayo kwenye kitabu changu cha sala.

Mfamasia mpya, naona umeinama. Usiiname, mwanangu. Wiki mbili zilizopita ulinitazama, ukaona mama wa kanisa mwenye kitambaa kichwani, ukaona haya. Ukanisogezea dawa ukasema, "Mama, wewe hatuna haja ya kukuuliza." Mimi nikashika kile kidirisha nikakwambia, "Niulize." Foleni ikapiga kelele. Ukaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kuposa, lakini uliuliza yote. Hivyo hivyo. Sisi tutakuchukia, tutakupa jina baya, na wewe uendelee kuuliza. Ukichoka, kumbuka kwamba watu wema ndio wa kuogopwa zaidi. Tunakuja na leso.

Na wewe, dada yangu. Nilikuambia huna utu, mbele ya watu. Leo, mbele ya watu, nalifuta neno hilo. Mungu akupe uzee mrefu usio na foleni.

Wagonjwa wako tumekununulia zawadi. Tulibishana sana, mwishowe tukakubaliana ni kikombe. Cha chai, dada, usikitazame hivyo. Anakuletea mtoto wa msusi, ana miaka miwili, ambaye nyumbani tunamwita Mistari. Tumesema asisaidiwe. Akibeba mwenyewe, kwa mikono yake miwili, na vidole vyake vyote kumi, basi hotuba yangu itakuwa imeisha vizuri kuliko nilivyoiandika.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Mpisheni njia mtoto apite.