Siku ya Wanaokohoa Kupumzishwa

Benchi la Alliance muuza kahawa liko Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani mwa Kongo, mkabala na geti la kiwanda cha kukoboa kahawa. Asubuhi ile Vasta, mpepeta kahawa wa kiwandani humo, alikuwa amekaa hapo saa za kazi, jambo ambalo si kawaida yake. Ndani kulikuwa na mkaguzi, ametumwa na maduka makubwa ya Ulaya yanayouza kahawa ya kiwanda hicho. Kila ajapo mkaguzi, msimamizi hupita kwenye mstari wa wafanyakazi mapema, akawaambia watu wavute pumzi, na anayekohoa hutolewa nje akapumzike. Wanaobaki hugawiwa barakoa za siku moja. Vumbi la makapi lilikuwa limemkaa Vasta kifuani miaka mingi, na safari hii hata pumzi ya kwanza hakuimaliza. Alikuwa amechoka, amechoka hata hasira haikumpanda.

— Mama Pretty, kaa chini! alisema Kule. Jeshi aliliacha zamani lakini amri hazikumtoka, ndiyo maana wanamwita Afande.

— Nimekaa, Afande.

— Basi kaa zaidi. Alliance! Kahawa ya mama, sasa hivi!

Pembeni ya Afande alikuwa Stanislas, muuza vitenge kutoka Butembo. Benchi lilimbatiza Mesye, yaani bwana kwa Kifaransa, kwa sababu ya suruali yake inayopigwa pasi hata siku za tope.

— Minakwambia, alisema Mesye, kule Ulaya, juu ya pakiti ya kahawa, iko picha ya mwanamuke anacheka. Ule muzungu anakuja kuangalia kama angali anacheka.

— Nani, mimi?

— Mutu yeyote, mama. Kwa picha bote beko sawa.

— Uongo! Kule alijipiga goti. Mimi najua ile mambo. Mnunuzi anaweka simu juu ya pakiti, anaona kiwanda yote, mpaka wewe na ungo yako. Ukikohoa, anasikia.

— Na akisikia?

— Anamwaga kikombe. Duka inafunga. Meli inarudi.

— Meli irudi kwa kikohozi changu?

— Afande, iyo iko kidogo, alidakia Mesye. Kikohozi yenyewe inaingia mu kahawa. Muzungu anakunywa, kesho yake anakohoa mu luga ya Lhukonzo!

Wakacheka. Vasta naye alicheka, na kicheko kile kikamgeukia kikohozi kirefu kilichomtoa machozi.

Ndipo geti likafunguka, akatoka mwanamke mwenye funguo za gari mkononi. Msimamizi alibaki pale getini, mikono nyuma, akitazama barabara.

— Habari zenu, wazee. Mama, habari. Mimi naitwa Phionah, naendesha ile gari ya mkaguzi. Nipe kahawa ya haraka, tunaondoka.

— Mara hii? aliuliza Kule.

— Kazi hakuna. Tumekuja na daktari ya kifua, na mashine yake. Ile maduka ndiyo imemtuma, atibu watu ya vumbi. Lakini msimamizi anasema hapa wote ni wazima. Na kweli, tumepita mstari yote, hakuna mtu amekohoa. Sasa tunampeleka kiwanda ingine, Kasese.

Alipuliza kikombe, akanywa funda moja.

— Mimi nauliza tu. Kweli hapa hakuna mtu anakohoa?

Afande, mwenye jibu la kila kitu, aliinama akatazama viatu vyake. Mesye alianza kupangusa suruali iliyokuwa safi. Alliance alishughulika na birika. Vasta aliinua macho, yakakutana na ya msimamizi. Alimwazia daktari aliyekuwa karibu kiasi cha kuitwa kwa sauti. Aliliwazia geti la kesho, kama litamfungukia, na mwanawe Pretty, ambaye shule yake yote inatoka ndani ya geti lile.

— Hakuna, alisema Vasta taratibu, maana angepaza sauti kidogo tu angekohoa.