Katibu wa Darasa: Maisha ya Dada Aliyekusanya Habari za Wenzake

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Katibu, alizaliwa Jumapili tarehe 15 Agosti 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba alikuwa karani wa mizigo hapo stesheni, mama alikuwa fundi cherehani. Mama akimtuma kupeleka nguo iliyoshonwa, alirudi na habari za nyumba sita: nani kaamka mgonjwa, nani kasafiri, nani hasemeshani na nani. Baba alimwonya mara nyingi kwamba mdomo huponza kichwa. Lakini dada hakuwa mmbea. Habari alizileta nyumbani zikaishia hapo, na kwa sababu hiyo watu wazima walimweleza mambo ambayo hawakuwaambia wenzao.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1962 hadi 1968, kisha sekondari ya bweni hadi 1972. Mwaka uliofuata alibaki nyumbani kumshikia mama mkasi. Januari 1974 alijiunga na chuo cha upimaji ardhi, katika darasa la watu ishirini na wanne, wanawake wakiwa wawili tu. Wiki ya kwanza walipewa mnyororo wa kupimia wakaambiwa wakapime uwanja wa mpira wa chuo. Kipimo kikaonyesha uwanja ni mfupi kwa mita nne. Wenzake walitaka waandike kile ambacho mkuu wa chuo alikuwa amezoea kukisoma, yaishe. Marehemu aliandika alichokipima. Mkuu wa chuo alitoka kwenda kupima mwenyewe, na Jumatatu yake goli moja likang'olewa na kusogezwa nyuma. Tangu hapo darasa likamfanya katibu, na jina likamganda.

Pale chuoni hakuna aliyebaki na jina alilokuja nalo. Kijana wa miguu mirefu aliitwa Mguu Niponye. Yule mwanamke wa pili, aliyewapangia wanaume zamu za kufagia, aliitwa Jemadari. Na kijana mmoja mfupi, aliyejibu mitihani kwa sentensi moja moja na bado akapata alama zake, aliitwa Nukta. Majina hayo yalikuwa mali yao wenyewe. Mbele ya wageni waliitana kwa heshima, kama watu wazima wengine.

Tarehe 27 Novemba 1976, siku ya kutawanyika, walikaa kwenye ngazi za bweni na virago vyao wakakubaliana: kila Januari kila mmoja amwandikie Katibu habari zake, naye azikusanye, aziandike kwenye karatasi moja, awarudishie wote. Waliahidi kama watu wanavyoahidi wakiwa safarini, na angeweza kuwaacha wasahau. Hakuwaacha. Mwaka wa kwanza alipata barua kumi na tisa, na wale wanne waliokaa kimya aliwaandikia hadi wakaona aibu. Mdogo wake, anayesoma wasifu huu, wakati huo alikuwa msichana wa shule, na kazi yake ilikuwa kulamba stempu na kusoma anwani kwa sauti. Karatasi ile ilikuwa na mambo ya kila namna. Jemadari kajifungua mtoto wa kiume. Mguu Niponye kahamishwa kwa mara ya tatu, na anasema safari hii hata kuku wake wamegoma kupanda lori. Nukta, kwa miaka yote, aliandika maneno yaleyale: Mimi mzima, nawasalimu.

Kazini, marehemu alianza tarehe 2 Mei 1977 kama mchora ramani. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, yenye meza za kuchorea zilizoinamishwa na madirisha marefu upande mmoja. Kazi yake hasa ilikuwa kuandika majina ya mahali kwa wino, herufi ndogo kama mchele, bila kutetemeka. Kompyuta zilipoingia mwaka 1998 alikuwa na miaka arobaini na nne. Vijana walidhani atastaafu, yeye akajifunza, kisha akawafundisha wao. Alistaafu Agosti 2014, akiwa ametumikia miaka thelathini na saba.

Mume alimpata hukohuko ofisini. Fundi wa kuchomelea aliitwa kutengeneza mlango wa stoo ya ramani, na akiwa anasubiri chuma kipoe aliangalia ramani iliyokuwa mezani, akasema nyumba yake imewekwa upande usio wake wa kijito. Marehemu alimjibu kwamba ramani ile imepimwa na wataalamu. Fundi akasema sawa, lakini yeye ndiye anayelala humo. Jumamosi marehemu alikwenda kuona kwa macho yake. Fundi alikuwa sahihi. Walifunga ndoa tarehe 3 Oktoba 1981, na Mungu akawajalia binti na mwana. Mumewe aliishia darasa la nne. Mchoro wowote aliusoma kwa kuutupia jicho, ila maneno yalimpa taabu, akaona barua za darasa ni jambo la wasomi, hakuzigusa.

Juni 2020 marehemu aliangusha kalamu mara tatu kwa siku moja. Februari 2021 madaktari walisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, na kwamba hauna tiba. Ilianza mikono, ikafuata miguu. Kufikia Desemba 2022 ulimi nao ukalala. Akili ilibaki timamu kabisa, macho yakaona, masikio yakasikia. Wenzake wa chuo, ambao siku hizi walikuwa wakipashana habari kwenye kundi la simu, walituma dawa za kila aina, maombi ya kila dini, na majina ya madaktari. Hakuna kilichosaidia. Mumewe alimchomelea fremu ya chuma ya kushika kibao cheupe, akakipaka herufi kwa mkono wake, R akiwa ameigeuza. Alipitisha kijiti juu ya herufi moja moja, na mkewe alifumba macho kijiti kikifika kwenye herufi aliyoitaka. Neno moja lilichukua robo saa.

Jumamosi tarehe 13 Januari 2024, kati ya wenzake kumi waliobaki hai, saba walikuja nyumbani kumwona. Walikaa kumzunguka, wakaanza kutoa habari zao za mwaka kama walivyozoea, mambo mema tupu. Ilipofika zamu ya Jemadari, akasita. Alisema mwaka huu hakuna wa kuandika, kwa hiyo hana sababu ya kuendelea kusema uongo. Yule mwanawe, ambaye darasa zima lilisoma habari zake kila Januari, hajampigia simu kwa miaka tisa, na hajui kama yu hai.  Kisha Mguu Niponye akasema siku hizi anatoka dukani akashindwa kujua njia ya kwake, na mara mbili amerudishwa na watu asiowafahamu. Mmoja baada ya mwingine walifungua vifua. Marehemu alisikia yote, machozi yakimtiririka, na hakuwa na uwezo hata wa kumwambia mtu pole. Nukta peke yake ndiye aliyesema yu mzima.

Wenzake walipotoka kwenda barazani kunywa chai, Nukta alibaki. Aliyoyasema tunayajua kwa sababu mwenyewe aliyarudia baadaye, na ameruhusu yasomwe leo.

"Katibu," alimwambia, "chakula hakipiti. Tangu mwezi wa tisa nakunywa uji, na sasa hata uji unagoma. Binti yangu anauguza mtoto, sitaki kumwongezea mzigo. Nimekwambia wewe kwa sababu wewe huwezi kumwambia mtu."

Marehemu alimkazia macho. Nukta alidhani ni kukubali. Akamfuta kidevu, akatoka kwenda kushika kikombe cha chai asichoweza kukinywa.

Jioni ile marehemu aliomba kibao. Alimtajia mumewe herufi tano: N, U, K, T, A. Mumewe alisoma, akatikisa kichwa, akadhani mkewe amechoka na maneno ya wageni na anataka kufunga mazungumzo. Akakiondoa kibao. Marehemu alilia, naye akamfuta machozi akidhani ni yale ya mchana. Kesho yake herufi zikawa zilezile. Siku ya tatu zilezile. Hapo fundi wa watu aliingiwa na hofu nyingine, kwamba mkewe anamwambia maisha yake yamefika mwisho na amwache aende. Hakumwambia mtu. Alikwenda karakana, akakaa kando ya mtungi wa gesi bila kuwasha moto.

Siku ya nne marehemu alijaribu neno lingine: HALI. Alitaka kusema mwenzake hali chakula. Mumewe alimjibu kwamba hali yake yeye ni nzuri, asiwe na wasiwasi naye. Siku ya tano alitaja KOO. Mumewe akamwita mganga wa zahanati, aliyemmulika kooni, akaacha dawa. Kisha kifua kikamshika marehemu, na kwa karibu wiki nzima hakuweza kuweka macho wazi kwa muda wa kutaja hata herufi moja.

Alhamisi tarehe 25 Januari mumewe alimpigia simu mdogo wa marehemu, anayeishi mji mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze akalia. "Shemeji, dada yako anataka kufa," alisema. "Leo kapata nguvu kidogo, neno la kwanza ni lilelile. Kila akiweza ananiandikia nukta."

Shemeji yake alimuuliza ni neno gani lingine aliloandika. Akamwambia: hali, na koo. 

"Shemeji," mdogo mtu alisema, "Nukta ni mtu. Alikuja kwenu ile Jumamosi. Yule mfupi."

Kesho yake mdogo wa marehemu alifika kwa Nukta. Alimkuta uani, shati limemzidi kama la kuazima. Alipomwambia amekuja kumpeleka hospitali, mzee alitaka kujua nani kamwambia.

"Katibu."

"Kwa mdomo gani?"

Akaelezwa habari za kibao na zile siku kumi na tatu. Alikaa kwenye kizingiti muda mrefu, kisha akaingia ndani kutafuta viatu vyake.

Vipimo vilichukua wiki tatu. Kila siku marehemu alitaja neno lile moja, na kila siku mumewe alimjibu kwamba majibu bado. Jumatatu tarehe 19 Februari yakatoka. Ni saratani ya njia ya chakula, na imekwisha kufika kwenye ini. Madaktari wangeweza kuweka mpira ili chakula kipite. Zaidi ya hapo hawakuwa na la kuahidi. Mdogo wa marehemu alitaka dada yake afichwe habari hiyo. Mumewe alikataa, akasema mtu aliyekesha macho kwa ajili ya habari ile ana haki ya kuipata. Akavuta kiti, akamwambia yote, bila kupunguza.

Marehemu aliangalia kibao. Kwa kawaida mumewe alikuwa akibahatisha maneno kabla hayajaisha, ili kumpunguzia kazi. Siku ile hakubahatisha. Alipitisha kijiti na kusubiri, akapitisha na kusubiri, kwa karibu nusu saa, hadi herufi kumi na moja zikatimia. NIMECHELEWA.

"Hukuchelewa wewe," mumewe alimwambia. "Ulisema siku ileile. Mimi ndiye sikujua kusoma."

Alikishika kibao akimngojea ajibu. Marehemu hakukiangalia tena. Alimwangalia yeye.

Kuanzia tarehe 28 Februari pumzi zilianza kuwa fupi. Mashine ililetwa, ikasaidia siku tatu. Binti yake alifika, mwana alikuwa baharini akapata habari njiani. Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Alhamisi tarehe 7 Machi 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mumewe alikuwa amekwenda jikoni kubadilisha maji kwenye beseni, na aliporudi yalikuwa yameshapita. Alimfumba macho, akakaa naye hadi mchana, beseni likiwa miguuni.

Mzee Nukta hayupo nasi hapa. Amewekewa mpira, anakula vyakula laini, na binti yake, ambaye sasa anajua kila kitu, yuko naye wodini. Madaktari wanahesabu miezi. Jumapili mume wa marehemu alikwenda kumpa habari ya msiba. Alipanga maneno njia nzima, lakini alipofika kitandani hakuna hata moja lililotoka, na mwenyeji wake naye hakuuliza. Walikaa wameshikana mikono hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Marehemu ameacha mume ambaye ni fundi wa kuchomelea, binti ambaye ni fundi umeme, mwana ambaye ni mpishi melini, wajukuu watano, kaka mmoja, na mdogo wake mmoja wa kike. Ameacha pia wenzake kumi wa chuo, walio mbele yetu na wasioweza kufika. Wameulizana ni nani atakayepokea habari zao Januari ijayo, na hadi asubuhi ya leo hakuna aliyejitokeza.

Dada, pumzika. Mwenyezi Mungu akupe utulivu.